Kidole Gumba Kwenye Mwanga

Baba yangu ameshawahi kumkataa mwanaume aliyekuja kunitaka kwa sababu ya viatu. Mwingine alimkataa kwa kuwa alicheka kabla kichekesho hakijaisha. Lakini kutaka kumkataa mtu kwa sababu ya chembechembe za kwenye picha, hiyo ilikuwa mara ya kwanza, na mtu mwenyewe ndiye huyo niliyempenda mpaka nikawa naunguza chai. Chai, jamani. Maji na majani.

Ngoja nieleze vizuri. Sisi ni watu wa studio. Baba ni mpiga picha, huu ni mwaka wake wa arobaini, na mimi ndiye ninayekaa kwenye kompyuta nyuma ya pazia. Naingiza picha za zamani kwenye skana, nafuta vumbi, naziba mikwaruzo, narudisha rangi zilizokimbia. Baba ananiita Jicho tangu nina miaka saba, siku nilipomwonyesha unywele kwenye lenzi ambao yeye alikuwa hajauona. Kwake yeye picha lazima iwe kali, kope zihesabike. Mteja akiondoka na picha yenye ukungu, Baba hali vizuri siku hiyo.

Sasa mtu kama huyo ndiye niliyemletea mwanaume anayetengeneza ukungu kwa kazi.

Alikuja mara ya kwanza miezi minane iliyopita, mvua inanyesha, shati limemshika mgongoni. Nikadhani anataka picha ya pasipoti.

"Samahani dada," akasema. "Nyie mnazo picha zilizoharibika?"

"Sisi hatuharibu picha hapa."

"Hata za zamani, za filamu? Zilizoungua, zilizoingia mwanga, zilizokwaruzika?"

"Za nini?"

"Nataka kuzisoma."

Mtu husoma gazeti, husoma barua. Nikamtazama vizuri. Akanieleza kwamba ni fundi wa programu za simu, na programu yake inaichukua picha uliyopiga na simu nzuri ya leo inaifanya ionekane kama imepigwa na kamera ya bibi yako. Rangi zinafifia, chembechembe zinatokea, mwanga unavuja pembeni. Ila hakuridhika. Mwanga wake alikuwa ameuchora mwenyewe na alisema unamtia aibu. Alitaka kuona mwanga wa kweli ulioingia kamerani kwa bahati mbaya ulikuwaje.

"Uliingilia wapi? Ulikaa muda gani? Na kwa nini uwe wa chungwa, usiwe mweupe?"

Kabla mvua haijakatika alikuwa ameniuliza maswali ambayo hakuna mtu aliwahi kuniuliza maishani. Na mimi, mwenye ulimi huu mnaousikia, nikawa namjibu yote kwa upole mpaka Shangazi akachungulia pazia kuona kama naumwa.

Kwenye chumba cha giza, ambacho siku hizi ni stoo, kuna boksi la mbao ambalo Baba ameliandika MBOVU kwa rangi nyeusi. Nikachukua picha kumi na mbili humo nikamwazima. Sikumwambia Baba. Nani anaombea takataka ruhusa? Hapo ndipo kosa langu lilipo, na sijamsukumia mtu.

Alizirudisha baada ya wiki, zimefungwa kwenye karatasi laini, hakuna hata moja iliyokunjwa. Akasimama pale kaunta, hana cha kununua wala cha kuuliza, akawa anaigeuza ile karatasi mkononi.

"Nimeishiwa maswali," akasema. "Naruhusiwa kuja bila swali?"

Loh! Mwanamke gani anasema hapana hapo?

Baba alipojua kazi yake, nyumba ilikosa amani. "Simu ya huyo kijana inaona mpaka vitundu vya ngozi," aliniambia. "Watu wametumia miaka na miaka kuitoa picha kwenye ukungu. Halafu yeye anairudisha kwenye ukungu, na wenzake wanashangilia! Huyo Ukungu wako ana akili timamu?"

Jina likabaki hapo hapo. Hata mimi nikawa namwita hivyo, na yeye mwenyewe akaitika.

Jumamosi hiyo ninayotaka kuisimulia, Ukungu alikuwa aje saa tano asubuhi kuonana na Baba rasmi. Akikubaliwa, wazee wa kwao wangekuja wiki inayofuata. Akikataliwa, basi. Baba akishasema hapana hageuki, na mimi sikuwa na moyo wa kuolewa na mtu ambaye baba yangu hampi mkono. Shangazi, dada mkubwa wa Baba, ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki nikiwa wa miezi mitano. Siku hiyo alivaa nguo ya kutokea tangu alfajiri, utadhani anayeposwa ni yeye.

Saa nne na nusu akaingia mteja, mwalimu wa shule ya watoto wadogo, simu mkononi.

"Mzee, nataka unikuzie hii, iwe kubwa kama mlango. Nitaibandika darasani."

Ilikuwa picha ya watoto wake wakirukaruka kwenye dimbwi, rangi zimefifia kama za miaka ile. Ilipendeza, nisiseme uongo. Baba akaihamishia kwenye kompyuta yangu, akavaa miwani.

"Mwalimu, haiwezekani. Hii programu uliyotumia imeiminya picha, imebaki ndogo. Nikiikuza kama mlango, watoto watageuka mabaka."

"Lakini si inapendeza?"

"Inapendeza ikiwa kiganjani. Unayo ile halisi? Ile kabla ya kuwekewa haya madoido?"

"Mimi nabonyeza tu mzee, inakuja hivi hivi."

Nikafumba macho. Nilishamwambia Ukungu mara tatu aweke namna ya kuhifadhi picha halisi pembeni. Akanijibu kwamba itajaza simu za watu, na kwamba utamu wa kamera ya zamani ni kutokuwa na pa kurudi. Tukabishana, tukanuniana nusu saa, tukasahau.

Nilipofumbua macho, Baba alikuwa amesogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. Alikuwa anaangalia kona ya juu, kushoto, mahali ambapo mwanga wa chungwa ulikuwa unamwagikia vichwa vya watoto.

"Mwalimu, unazo nyingine?"

"Ninazo nyingi tu."

"Nionyeshe."

Mwalimu akasogeza kwa kidole. Mdogo wake kwenye ngazi. Paka. Dirisha lenye maua. Kila picha ilikuwa na mwanga ule ule unaoshuka kutoka kushoto, na katikati ya mwanga pengo jeusi, upana wa kidole.

"Jicho," Baba akaniita bila kunitazama. "Kalete boksi."

Sikuuliza boksi gani.

Hakupekua. Aliingiza mkono mara moja akatoka na picha aliyoitaka, kama mtu anayejua shati lake lilipo gizani. Mwanamke amerudisha kichwa nyuma anacheka, ametikisika kidogo, na mwanga wa chungwa umemfunika nusu ya uso. Baba akailaza kando ya simu ya mwalimu. Mwanga ule ule, na pengo lile lile.

Mwalimu hakuwa mjinga. Akasema atapita baadaye, akachukua simu yake akaondoka taratibu.

"Nani alimpa huyo Ukungu?" Baba akauliza.

"Mimi, Baba."

"Ulijua huyu ni nani?"

"Mteja. Mteja wa zamani tu. Ipo kwenye mbovu, nikajua…"

Baba akavua miwani. "Ni mama yako."

Nyumbani sebuleni tuna picha moja ya mama. Amekaa wima, mdomo umefungwa, kola imenyooka. Ni picha kali kuliko zote alizowahi kupiga Baba, na naijua kuliko ninavyoujua uso wangu. Nimeiingiza kwenye skana mara tatu, nimefuta vumbi kwenye kila unywele, kinundu chake cheusi chini ya mdomo naweza kukichora nimefumba macho. Lakini kwa miaka ishirini na saba yote sikuwahi kuyaona meno yake. Nilimshika mama yangu mkononi akicheka, sikumjua, nikampa mgeni.

Nikakaa chini kwenye kiti cha wateja. Shangazi akatoka nyuma ya pazia, akaiona ile picha, akaweka trei chini bila kusema neno. Shangazi bila neno! Hapo nikajua tumekwisha.

Na Ukungu naye kwa nuksi zake akaingia wakati huo huo, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa.

"Shikamoo, mzee."

Baba hakuitikia. Jamani, niliwahi kumwona Baba akiitikia shikamoo ya mwizi aliyekamatwa kwenye duka la jirani. Ya Ukungu ilibaki hewani peke yake.

"Watu wangapi wanautumia huu mwanga?" Baba akauliza, akionyesha kioo.

"Huo?" Uso wa Ukungu ukachangamka, masikini, akadhani anaulizwa habari za kazi. "Huo ndio wanaoupenda kuliko yote, mzee. Wamekaribia laki moja."

"Laki moja. Mke wangu yuko kwenye simu za watu laki moja, na mimi mwenyewe sina habari."

Ukungu akanitazama. Nikanyoosha kidole kwenye ile picha. Akaisogelea, akaiangalia, kisha akaniangalia mimi, kisha picha tena. Nikamwona rangi ikimtoka.

"Mzee," akasema, "niliuliza mwanga uliingia vipi. Nikauliza filamu ilikuwa ya aina gani. Nimeuliza mpaka nikachosha watu. Hili moja la huyu ni nani, sikuuliza."

"Baba, kosa ni langu, mimi ndiye…"

"Wewe nyamaza kwanza," Baba akanikata. "Yeye ana mdomo."

"Mama wa watu sikumtumia," Ukungu akaendelea. "Sura yake haimo kwenye programu, mzee, naapa. Nilichukua mwanga peke yake. Lakini sikuomba kwa mwenyewe. Niutoe?"

"Unaweza?"

"Naweza. Sasa hivi."

"Utoe."

Akafungua begi lake, akatoa kompyuta ndogo akaiweka kwenye kaunta. Alikuwa anaandika amesimama.

"Mwanangu," Shangazi akamwuliza kwa sauti ya chini, "si ndiyo inayokulisha hiyo?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na wakiacha kuitumia je?"

"Nitatengeneza nyingine. Jicho kama huyu siwezi kumtengeneza mwingine."

Wakati mwingine ningemcheka kwa maneno ya namna hiyo. Siku hiyo nilitafuta kitambaa.

Hata dakika tano hazikuisha. "Umetoka," akasema. "Picha ambazo watu wameshapiga siwezi kuzigusa, ni zao. Ila mpya hautatokea tena." Akafunga kompyuta, akaiingiza kwenye begi, akavaa begi. Nikaona kabisa kwamba anaondoka na hatarudi.

Alipofika mlangoni akasimama. Akageuka.

"Mzee, naomba niulize kitu kimoja tu, halafu niende."

Yaani nilitaka kumfinya! Mtu anafukuzwa bado anauliza!

"Hili pengo," akasema. "Nimeangalia picha nyingi zilizoingia mwanga. Nyingine zote naona ni mfuniko umelegea, au kamera imeanguka ikapasuka. Hili sikulielewa. Mwanga umeingia wote, isipokuwa hapa. Kitu kilizuia. Nimekaa nalo miezi minane. Ni nini?"

Baba alimtazama. Nadhani alikuwa anatafuta hasira yake ilipoenda. Miaka yote hiyo, hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.

"Ni kidole chake gumba," akasema.

Shangazi akavuta kiti.

"Tulikuwa na wiki tatu tangu tuoane," Baba akaanza. "Nina kamera mpya, nina kiburi, nataka picha kali kuliko za mafundi wote. Nikampiga ya kwanza, hiyo ya sebuleni. Amekaa kama askari. Namwambia cheka, hataki, ananiuliza, hivi sasa hivi nimeshaingia humo ndani? Nikamwambia umeingia. Ndipo akacheka, nikampiga hii na nyingine kadhaa. Nikageuka kuchukua stendi. Si akafungua mgongo wa kamera aone kama kweli ameingia!"

"Ebo!" Shangazi akapiga paja. "Hili hukuniambia kamwe!"

"Ningewaambia nini watu? Kwamba mke wa mpiga picha kafungua kamera mchana kweupe? Nilipopiga ukelele, akafunga haraka. Kidole chake kilikuwa bado kwenye ukingo wa mfuniko, mwanga ukapita pande zake zote mbili. Ile ya kwanza ilikuwa imeviringishwa ndani kabisa, ikapona. Za mwisho zikaungua zote. Hii ikabaki hivi, nusu."

"Ukamfanya nini?" nikamwuliza.

"Nilimnunia." Sauti ikamshuka. "Siku mbili nzima, mwanangu. Ningejua nimebakiza naye mwaka mmoja na nusu, nisingezitupa siku mbili kwa ajili ya filamu. Nikaiandika mbovu kwa hasira zangu. Baadaye nikashindwa kuitoa humo, na kuitupa nikashindwa."

Nikaenda nikamshika bega. Nililia, naye alilia, na Shangazi alikuwa anacheka na kulia pamoja, anarudia, "Aone kama ameingia! Aone kama ameingia!"

"Kumbe udadisi nimeutoa kwake," nikasema.

"Ulidhani umeutoa kwa nani?" Shangazi akanijibu. "Kwa huyu?"

Ukungu alikuwa bado mlangoni, begi begani. "Nisamehe, mzee. Nilichukua mkono wa mtu nikadhani ni kosa la kamera."

Baba akajifuta uso kwa kitambaa cha kusafishia lenzi, kitambaa ambacho mimi hata kukigusa siruhusiwi.

"Urudishe," akasema.

"Mzee?"

"Huo mwanga, urudishe kwenye programu yako. Alitaka kujua kama ameingia. Ungemwambia kwamba ameingia kwenye simu laki moja, angetangaza mtaa mzima." Akapenga kamasi. "Lakini nina sharti. Kila mtu akipiga picha na kitu chako, zihifadhiwe mbili. Hiyo yenye madoido yako, na ile halisi, kali, na ukubwa wake wote. Yule mwalimu leo angepata picha yake ya ukutani."

"Itajaza simu zao, mzee."

"Zijae! Nisikilize wewe. Ile ya sebuleni inanionyesha kila unywele wa mke wangu, na ninaishukuru kila asubuhi. Hii mbovu ndiyo inayocheka. Ungeniambia nichague moja, nisingeweza. Wewe unawachagulia watu laki moja, na wenyewe hata hawajui kama wamechaguliwa."

Ukungu akafungua mdomo ajibu. Namjua, alikuwa na hoja tatu tayari. Akaangalia ile picha kwenye kaunta, akaufunga.

"Nitaweka," akasema. "Jicho aliniambia mara tatu."

"Na hukumsikia?"

"Sikumsikia."

"Hilo nalo urekebishe."

Shangazi akanikonyeza. Mimi bado nilikuwa sijui tumekubaliwa au tumesamehewa tu, maana hayo ni mambo mawili, na Baba anaweza kukupa moja akakunyima lingine.

"Lete hiyo simu yako," Baba akamwambia Ukungu. "Jicho, simama pale."

Nikasimama mbele ya kitambaa cha kijivu ambapo nimeona watu elfu wakisimama, macho yamenivimba, pua nyekundu. Baba akaishika simu kwa vidole viwili, mkono mbali na mwili, kama ameokota soksi ya mtu. Akawasha programu ya Ukungu. Akanikagua kwenye kioo, akaguna.

"Na wewe unangoja nini hapo?"

Ukungu akashusha begi, akaja. Akasimama hatua nzima mbali na mimi, mikono hajui aiweke wapi, anatazama sakafu.

"Mzee," akauliza, na sauti ilikuwa ndogo kuliko maswali yake yote ya miezi minane, "nimeingia?"

Baba akashusha simu kidogo. Alitazama pale kaunta kwanza, kwenye picha, halafu akamtazama yeye.

"Nusu," akasema. "Bega moja liko nje. Sogea kwa mwenzako."

Akasogea.

"Sogea bwana, hakuumi."

Akasogea mpaka bega lake likagusa langu, na mkono wake ukaupata wa kwangu nyuma ya mgongo.

"Haya. Sasa umeingia," Baba akasema, akainua simu. "Na marahaba."